Mkono wa Fyekeo

Methali isemayo usidharau wembamba wa reli, garimoshi hupita, haikutungwa ili kuwaliwaza wanyonge. Wanaoichukulia hivyo wameisoma nusu. Anayetaka kuielewa vyema na aende Isaka, asimame kando ya njia ya treni wakati mabehewa yaliyosheheni saruji na makontena yanapoingia, kisha avitazame vile vyuma viwili vilivyolazwa chini. Uzito ambao ungeizamisha barabara ya udongo mpaka magurudumu yasionekane hupita juu yavyo kwa utulivu, siku baada ya siku. Siri yake imo katika namna chuma kilivyolazwa, kilivyonyooshwa, na kinavyoupokea uzito na kuupitisha mbele badala ya kung'ang'ana nao. Methali hii, basi, haituombi tukionee huruma kitu chembamba. Inatuonya kwamba jicho ni mizani mbovu ya kupimia nguvu. Kisa cha Asteria Mayala kinathibitisha hayo.

Asteria alikuwa mfanyakazi wa uwanja wa gofu ulioko nje kidogo ya mji wa Geita, mahali ambapo vilima huanza kupandana na udongo hugeuka mwekundu. Uwanja ule ulikuwa na mashimo tisa. Wageni waliofuata dhahabu ndio waliouanzisha. Walipoondoka, wenyeji wakaurithi, wakaupenda, na wakauendesha kwa namna yao. Nyasi zilikuwa kijani wakati wa masika tu. Kiangazi zilikauka na kuwa na rangi ya ngozi ya ng'ombe, na kuzunguka kila shimo palitandazwa mchanga uliochanganywa na oili chakavu ili usipeperushwe na upepo. Kazi ya Asteria ilikuwa kuusawazisha mchanga huo kila asubuhi, kisha kushika fyekeo na kukata magugu marefu yaliyoota pembezoni, mahali ambapo mashine haikuweza kufika.

Alikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, mwembamba kama ufito wa kujengea, na mikono yake ilikuwa myembamba kiasi kwamba saa aliyopewa na mama yake, Salvina, ilimbidi aitobolee mkanda matundu mawili zaidi. Alitoka Ushirombo, katika familia ya wakulima waliokwenda kanisani kila Jumapili na shambani siku nyingine zote. Tangu utotoni alitaka kuwa mwalimu. Alipomaliza kidato cha nne, alama zake zilimfungia mlango wa chuo cha ualimu, akaja Geita, akapanga chumba Kalangalala, akaanza kufyeka.

Siku za Jumatatu wanachama hawakucheza, na wafanyakazi waliruhusiwa kujifunza. Mkufunzi wa uwanja, Mwalimu Elieth Marwa, mwanamke wa makamo kutoka Mara aliyesema kidogo na kuona mengi, aligundua mapema kwamba Asteria ana jicho zuri. Mipira mifupi ya Asteria ilitii. Akiwa hatua ishirini kutoka shimoni, mpira wake ulikwenda ulikotumwa kama mtoto aliyelelewa vizuri. Tatizo lake lilikuwa moja tu, nalo halikufichika: mpira wa mbali haukwenda mbali. Alipotumia nguvu zake zote ulifika mita mia moja na thelathini, ukachoka, ukaanguka.

Hilo halikumsumbua mpaka mwezi wa nne, tangazo lilipobandikwa ukutani. Mwalimu Elieth alikuwa anastaafu mwishoni mwa mwaka kurudi kwao Musoma, na klabu ilikuwa imeamua kumpeleka mfanyakazi mmoja Arusha kwa mwaka mzima, akasomee ukufunzi wa gofu na kurudi kushika nafasi hiyo. Mfanyakazi mmoja tu. Mtihani ungefanyika Jumamosi ya pili ya mwezi wa nane, nao ungekuwa na sehemu tatu: mipira mifupi, kuingiza mpira shimoni, na kuvuka korongo la shimo la saba. Kati ya mahali pa kupigia na mahali pa kutua pale shimo la saba palikuwa na korongo kavu lililojaa mawe, na mpira uliotaka kuwa salama ulipaswa kuruka mita mia moja na sitini bila kugusa chini.

Asteria alilisoma tangazo lile mara tatu. Alijua kwamba mlango wa kwanza wa ualimu ulikuwa umefungwa, kwamba huu ndio wa pili, na kwamba kwa mtu wa hali yake wa tatu haungekuwapo. Alijua pia kwamba kati yake na mlango huo palikuwa na mita thelathini za hewa.

Katibu wa klabu, Bwana Stanslaus, mtu nadhifu aliyependa semi, alipomkuta mbele ya tangazo hakumficha mawazo yake. Alimwambia kwa upole kwamba mipira yake mifupi inasifika, lakini wanachama wengi ni wanaume waliokomaa migodini, nao hawatamsikiliza mtu asiyeweza kuvuka korongo. "Mwalimu wa gofu ambaye mpira wake haufiki ng'ambo," alisema, "ni kengele ya mbao. Ina umbo, haina sauti."

Asteria akaitikia, "Nimekuelewa, Katibu," akachukua fyekeo lake, akaenda zake. Lakini maneno yale yalimkaa moyoni kama mwiba wa mgunga.

Mshindani wake mkuu alikuwa Luka Ngassa, dereva wa trekta la uwanja. Luka alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne, na kumi kati ya hiyo aliitumia ardhini, katika maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, akipasua mwamba kwa nyundo. Kifua chake kilikuwa mlango, na mikono yake ilikuwa mizito kama mihimili. Alipoupiga mpira, watu waliacha walichokuwa wakifanya ili wasikilize mlio. Kwamba mpira wake ulipinda kulia mara kwa mara na kupotelea vichakani halikumpunguzia sifa. Watu walisema mpira umepotea kwa sababu ya wingi wa nguvu, na katika nchi ya wavunja mawe hiyo ni sifa pia.

Luka hakuwa na choyo. Alipomwona Asteria akihangaika Jumatatu iliyofuata alikuja mwenyewe, akavua kofia, akamtania kwamba mkono wake unafaa kushika kalamu tu, kisha akaahidi kumsaidia. Akaitazama namna alivyoishika fimbo, akatikisa kichwa.

"Unaishika kama unaiogopa, mdogo wangu. Kaza. Duarani mmoja hupiga nyundo, mwenzake hushikilia moko, ile patasi ya kutobolea mwamba, na mkono wake uko hapo hapo chini ya nyundo yako. Kifundo kikilegea kidogo, nyundo inateleza, unamvunja mtu. Mimi nilimvunja mmoja, anaitwa Innocent, vidole vitatu. Tangu siku hiyo kifundo changu hakijalegea tena."

Aliyasema hayo bila kutafuta huruma, kama mtu anayetoa anwani ya nyumba yake. Asteria alimwamini. Na nani asingemwamini? Katika ukanda ule wote, kuanzia Bugarama mpaka Geita, mtu mwenye nguvu ni yule ambaye mkono wake umekuwa kitu kimoja na chuma alichokishika. Watoto huliona hilo kabla ya kujua kusoma. Asteria akakosea kosa ambalo ni mtu wa ukanda huo wa migodi tu angelikosea: aliuacha mkono wake akaazima mkono wa mvunja mawe.

Kwa wiki saba alijifunga kibwebwe. Asubuhi alibeba ndoo za mchanga mbili mbili, jioni alifinya kipande cha tairi la baiskeli mpaka vidole vikafa ganzi. Alikula ugali wa mtama kama mtu anayelipwa kwa kula. Zipora, mpishi wa klabu, aliyemjazia sahani, alimwonya kwamba akizidi kuunenepesha mkono mmoja ataanza kutembea upande upande kama gari lenye gurudumu bovu. Wote walicheka, naye Asteria akacheka nao, kisha akarudi kufinya tairi. Kila aliposimama mbele ya mpira aliikaza ngumi, akakifunga kifundo cha mkono kama mtu anayefunga mlango kwa komeo, akapiga kwa bega na hasira.

Mpira haukusonga mbele. Ulirudi nyuma. Kutoka mita mia moja na thelathini ulishuka mpaka mia moja na ishirini, kisha mia moja na kumi na tano. Mwishoni mwa mwezi wa sita kifundo chake cha kulia kilivimba kama andazi, na muuguzi wa zahanati akakifunga bandeji na kumkataza kupiga mpira kwa siku kumi. Asteria alihesabu siku zilizobaki kabla ya mtihani, akaona maji yamemfika shingoni.

Mwalimu Elieth hakuwapo kipindi hicho chote. Alikuwa Mwanza kumuuguza binti yake aliyejifungua kwa upasuaji. Alirudi mwanzoni mwa mwezi wa saba, asubuhi moja ya baridi, na kabla hajafungua ofisi yake akasikia sauti kutoka upande wa shimo la nne. Ilikuwa sauti nyembamba, safi, yenye kurudiwa kwa mwendo mmoja: fyuu, kimya, fyuu, kimya. Akaifuata.

Alimkuta Asteria akifyeka. Bandeji ilikuwa imetolewa siku mbili nyuma, na kwa kuwa mkono ulikuwa bado na maumivu, alilishika fyekeo kwa wepesi, akiliacha lifanye kazi kwa uzito wake lenyewe. Magugu yaliyofika kiunoni yalilala mbele yake kama waumini wanaopiga magoti. Pembeni yake Luka alikuwa amepewa kipande cha kufyeka siku ile kwa sababu trekta liliharibika. Alipiga kama anayevunja mwamba, fyekeo likinasa kwenye mashina, jasho likimtiririka, naye alikuwa ameachwa nyuma hatua thelathini.

Asteria alimwamkia mwalimu wake, naye akaitikia marahaba. Kisha Mwalimu Elieth akamwuliza habari za gofu. Asteria akamweleza yote bila kujitetea: nyundo, tairi, mchanga, bandeji, mita zilizopungua. Mwalimu hakulaumu mtu. Alimwomba aendelee kufyeka, akafumba macho, akasikiliza. Baada ya mapigo kama kumi akamwuliza mlio ule unatokea wapi.

Asteria hakuwahi kulifikiria hilo. Akapiga tena, polepole, akitega sikio. "Unatokea chini," alisema. "Pale kwenye majani. Juu hakuna sauti."

Mwalimu Elieth akaenda ofisini, akarudi na fimbo ndefu ya kupigia mpira wa mbali. Akaigeuza juu chini, akampa Asteria aishike upande wa chuma ili mpini ndio ukate hewa, akamwambia aizungushe kama alivyofundishwa na Luka. Asteria akaikaza, akapiga. Mlio ulisikika nyuma ya bega lake, mapema, kisha ukafa kabla mikono haijafika mahali ambapo mpira ungekuwapo.

Mwalimu hakuhitaji kusema mengi. "Nguvu yako unaitumia nyuma ya kisogo chako," alisema. "Mpira unapata makapi. Fyekeo ulifundishwa na nani?"

Asteria alijibu kwamba hakufundishwa na mtu; kule Ushirombo alifyeka shuleni, alifyeka parokiani, alifyeka shambani, na mtu hawezi kufyeka ekari nzima kwa misuli; atakufa kabla ya saa nne.

Ndipo Mwalimu Elieth alipomwonyesha, hatua kwa hatua, kile ambacho mkono wake ulikuwa ukikijua siku zote. Fyekeo likiinuliwa, uzito wa chuma hukikunja kifundo chenyewe, mpini na mkono vikafanya pembe kama kona ya dirisha. Likianza kushuka, mfyekaji mzuri haifungui pembe ile. Miguu huanza, kiuno hufuata, mabega huburuta mikono, na pembe hubaki imekunjwa mpaka mikono ifike usawa wa paja. Hapo, na hapo tu, kifundo hujifungua, na chuma kilichokuwa nyuma kikaupita mkono kwa kasi. Mkono unatangulia, chuma kinafuata, kisha chuma kinaupita mkono juu ya majani. Hiyo ndiyo nguvu, na kazi ya kifundo ni kuipitisha. Kifundo kilichofungwa kwa komeo huizuia njiani.

Kuhusu ngumi alimwambia aishike fimbo kama anavyoshika shingo ya kibuyu cha maziwa: ukiilegeza mno kibuyu kinaanguka, ukiikaba shingo inavunjika, na vyote viwili vitakulaza njaa.

Wiki tano zilikuwa zimebaki. Mbili za kwanza Asteria hakugusa mpira. Alizungusha fimbo iliyogeuzwa, mara mia asubuhi na mara mia jioni, akiusogeza mlio kidogo kidogo kutoka nyuma ya bega hadi kifuani, kutoka kifuani hadi pajani, mpaka ukakaa mbele ya mguu wake wa kushoto na ukakataa kuondoka. Luka alipita na trekta lake, akamwuliza kwa utani kama siku hizi anapiga nzi. Asteria akamjibu kwamba nzi wa Geita ni wengi, na yeye ameajiriwa rasmi.

Aliporudishiwa mpira, siku tatu za mwanzo hazikupendeza. Mpira ulikwenda chini chini, ulikwenda kushoto, mara moja ulimkosakosa Zipora aliyekuwa akianika nguo za jikoni, naye Zipora akatangaza kwamba heri ya ugali kuliko elimu hii. Siku ya nne Asteria aliacha kuutazama mpira kama mwamba wa kuvunjwa. Akautazama kama shina la gugu. Akainua fimbo, akauacha uzito ukunje kifundo, akageuza kiuno. Alihisi kana kwamba hakupiga kitu chochote. Mpira ukapaa juu, mweupe, ukachelewa kushuka. Walipopima walikuta mita mia moja na hamsini na nane. Wiki ya mwisho mia moja na sitini na tano ilikuwa kawaida yake, na mkono wake ulikuwa mwembamba vile vile.

Siku ya mtihani ilifika. Wanachama walikuwa wengi kuliko kawaida, baadhi yao na wake zao, na kamati ya watu watatu iliketi chini ya turubai karibu na shimo la saba: Bwana Stanslaus, Mwalimu Elieth, na mhasibu mstaafu aliyeitwa Mzee Dominiko, ambaye alikuja na kiti chake mwenyewe kwa sababu hakuviamini viti vya klabu. Katika mipira mifupi na ya kuingiza shimoni Asteria aliwaacha wenzake mbali. Ilipofika zamu ya korongo, walibaki wawili wenye nafasi: yeye na Luka. Kila mmoja alikuwa na mipira mitatu.

Luka alianza. Mpira wake wa kwanza ulitoka kwa kishindo kilichowafanya ndege waruke, ukapinda kulia, ukapotelea vichakani. Wa pili aliupiga kwa nguvu zaidi, kwa kuwa hiyo ndiyo dawa pekee aliyoijua. Ukapinda zaidi, ukaangukia kwenye mawe ya korongo, ukaruka mara mbili na kunyamaza. Akaomba aruhusiwe kupumzika kabla ya mpira wa tatu, na kamati ikamkubalia.

Asteria alipopanda mahali pa kupigia, minong'ono ilipita. Mmoja wa wanachama alisema, kwa sauti aliyodhani ni ndogo, kwamba fimbo ni nene kuliko mpigaji. Yeye hakugeuka. Aliinua fimbo bila haraka. Kwa wasiojua, pigo lake lilionekana kama la mtu anayefanya mazoezi tu. Kisha mlio mwembamba ukasikika, mbele, chini, na mpira ukapanda. Ulivuka korongo lote ukiwa bado juu, ukatua katikati ya nyasi ng'ambo kwa umbali wa hatua nne au tano kutoka ukingoni.

Makofi yakapigwa. Bwana Stanslaus alisimama, akaitazama bendera ya shimo ikipepea ng'ambo, akasema kwamba kwa haki ni lazima aseme upepo ulikuwa nyuma yake.

Asteria hakubishana. Aliomba aruhusiwe kusubiri mpaka bendera ilale. Watu wote wakaitazama bendera, na Mzee Dominiko akatoa saa yake mfukoni kana kwamba upepo una ratiba. Bendera ilipolala kabisa, Asteria akapiga mpira wa pili. Ulitua hatua tatu mbele ya wa kwanza.

Bwana Stanslaus hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea kupima kwa macho, na macho yake yalikuwa bado hayajakubali. Alisema mipira miwili ni mizuri, lakini bado hajui kama kitu hiki kinaweza kurithishwa. Huenda ni kipaji cha mwili mmoja. Hapo Mwalimu Elieth akazungumza kwa mara ya kwanza mchana ule. Alipendekeza kwamba, kwa kuwa klabu inatafuta mwalimu, Asteria autumie mpira wake wa tatu kwa kumfundisha mtu mwingine, yeyote, mbele ya wote.

Walitazamana. Ndipo Luka alipoinuka kwenye nyasi alipokuwa ameketi, fimbo mkononi. "Nifundishe mimi," alisema. "Bado nina mpira mmoja."

Kila aliyekuwapo alielewa maana yake. Luka akivuka, atakuwa amevuka kwa umbali ambao Asteria hataufikia maisha yake yote, na nafasi ni moja. Akimfundisha vibaya kwa makusudi, hakuna atakayejua. Asteria alisimama akiutazama mpira wake wa tatu kiganjani, mpira ambao angeweza kuupiga mwenyewe na kumaliza ubishi. Akafunga kiganja, akauweka mfukoni, akamwendea Luka.

Hakumfundisha mambo mengi. Alimwondolea mpira, akamgeuzia fimbo, akamwambia ausikilize mlio. Ulisikika nyuma ya bega. Akamwambia ausogeze mbele. Luka alijaribu mara sita, saba, na kila mara kifundo kilikuwa kimefungwa kama kufuli lenye kutu. Akaanza kukasirika, na alipokasirika akakaza zaidi. Asteria akaishika ile ngumi nene kwa mikono yake miwili, akaanza kuvilegeza vidole kimoja kimoja. Akasema kwa sauti ya chini, lakini waliokuwa karibu walisikia:

"Kaka Luka, hapa chini hakuna mkono wa mtu. Ni mpira tu. Hutamvunja mtu yeyote."

Luka alitazama chini, pale ambapo mpira ungewekwa. Kitu fulani kilishuka mabegani mwake, kama mtu anayetua mzigo alioubeba mpaka akasahau kuwa ni mzigo. Alizungusha tena, na mlio ukatoka kifuani. Akazungusha tena. Mlio ukatoka chini, mbele, mzito lakini safi. Asteria akairudisha fimbo upande wake, akamwekea mpira juu ya kijiti, akarudi nyuma hatua nne.

Mpira ule wengi wanausimulia mpaka leo, na kila anayeusimulia anauongezea mita. Mwandishi wa kisa hiki ataridhika kusema kwamba ulikwenda moja kwa moja bila kupinda, ulivuka korongo, uliivuka mipira yote miwili ya Asteria, na ulipotua ulikuwa umeizidi kwa hatua zaidi ya sitini.

Kelele zilipotulia, Bwana Stanslaus alikuwa ameinua kalamu. Alisema kwamba kwa kufuata umbali peke yake, kamati sasa ina jambo la kufikiri, kwa maana Bwana Luka amempita Bi Asteria kwa mbali sana. Asteria aliyasikia maneno hayo. Hata hivyo hakujutia.

Luka ndiye aliyejibu. Alikuwa bado anautazama mkono wake wa kulia, akiukunja na kuukunjua kana kwamba ameupata dukani leo.

"Katibu, kwa miaka minne nimepiga mipira hapa na hakuna hata mmoja uliokwenda pale nilipotaka. Leo mmoja umekwenda, na umekwenda kwa sababu huyu aliniambia. Yeye amevuka mara mbili, nami nimevuka mara moja kwa mkono wake. Mimi nitapiga. Mwalimu ni yeye."

Mzee Dominiko alifunga saa yake na kusema kwamba hesabu hiyo imekaa sawa. Mwalimu Elieth aliinamisha kichwa tu. Bwana Stanslaus akamwomba Asteria asogee, akamwomba anyooshe mkono wake, akautazama ule mkono ambao saa yake ilikuwa imeshuka karibu na kiganja. Kisha akamwomba radhi mbele ya watu wote, bila usemi wowote, jambo ambalo kwake halikuwa dogo, akaliandika jina lake katika fomu ya Arusha.

Asteria alisafiri mwanzoni mwa mwezi wa kwanza. Aliporudi baada ya mwaka, kundi lake la kwanza la wanafunzi lilikuwa la wanaume kumi na mmoja waliotoka migodini, wenye vifua vya mlango na mikono ya mihimili, na kila mmoja alisubiri kwa utii mwanamke mwembamba kama ufito amlegeze vidole. Hakuna aliyethubutu tena kupima uwezo wa mtu kwa unene wa kifundo chake, kwa maana walikwisha kuona kwa macho yao kwamba reli, wembamba wake usiudharau: garimoshi hupita.